Mgongo wa Lenana, na kwanini kuta za Nyari sizipandi

Tangu niweke mtandaoni ile picha ya mgongo wa Lenana kule Mlima Kenya, nimekaa juu ya jiwe, kulia shimo kushoto shimo, simu yangu haijapumzika. Mamangu mdogo alinipigia kutoka Mambrui kuniuliza nyumbani nimekosa nini hata nikaende kujitundika huko, wengine wakaniandikia mashaallah, wengine ati picha imetengenezwa na kompyuta, halafu kuna kijana mmoja wa Maweni akaniambia dada umepoteza pesa zako bure, si hapa Marafa kuna migongo kama hio tele, waenda asubuhi jioni ushafika kwenu. Huyo ndiye amenikalisha chini niandike. Manake sio yeye peke yake, watu wengi nikiongea nao naona wanadhani mgongo wa mlima ni mgongo tu, kipimo chake ni wembamba, ukizidi wembamba imezidi hatari na picha imezidi utamu.

Mimi nasema wembamba wala si neno. Niulize kwanza jiwe lenyewe limeshikana vipi.

Tuanze na hapa kwetu. Marafa, kwa asiyefika, unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui na Gongoni, halafu unaipa bahari mgongo unaingia ndani, safari ya kama kilomita 40 hivi kutoka Malindi mjini. Unashuka kwenye gari huoni kitu, ni mashamba na vichaka tu, mara ardhi imekatika mbele yako na ndani mna kuta na minara ya kila rangi, nyeupe, waridi, machungwa, nyekundu. Wagiriama wanapaita Nyari. Watalii wanapaita Hell's Kitchen. Wazee wa pale watakuhadithia habari ya familia iliyokuwa na ng'ombe wengi mpaka wakawa wanakoga maziwa na majirani zao hawana hata ya kunywa, Mungu akawadidimiza wao na mali yao, ule weupe ndio maziwa. Hadithi naipenda sana, kila mgeni wangu lazima nimpeleke akahadithiwe.

Lakini habari ya zile kuta utaipata kwa ukucha. Mimi niliwahi kukwaruza ukuta mmoja kwa kidole gumba, wala sikutia nguvu, mchanga ukamwagika mpaka ndani ya kiatu, mwekundu, laini, na pale nilipokwaruza pakabaki kishimo cha kutosha ncha ya kidole. Ni matabaka ya mchanga na udongo yaliyogandamana yakataka kuwa jiwe yasifike. Mvua ndio iliyochonga pale na mpaka leo inachonga, masika yakija maji yanashuka mekundu na kila mwaka ukuta umepungua. Sasa wewe na uzito wako wataka kusimama juu ya kitu hicho kwa sababu juu pana upana wa kukanyaga miguu miwili? Unaweza ukapita leo salama na kesho salama na hujui chini ya unyayo wako maji yameshakula wapi. Vijana wanaotembeza wageni pale wanapiga kelele watu washuke, na watu wanawaona wanaleta kiherehere. Na hata usipoanguka umeharibu, pale ulipopita mguu mvua ikinyesha maji yanapata njia, wiki hii alama ya kiatu mwakani mfereji. Shuka chini utembee katikati ya kuta, nenda jioni, mchana pale ni tanuri wallahi, ngoja jua lianze kulala uone rangi zinavyoamka. Hapo ndipo utamu wa Nyari, sio juu.

Haya sasa twende bara.

Mlima Kenya una vilele vingi ila vitatu ndio vinavyotajwa, Batian mita 5,199, Nelion 5,188, na Lenana 4,985. Hivo viwili vya kwanza ni vya watu wa kamba na vyuma, ukienda bila ujuzi huo umeenda kufa. Lenana ndio yetu sisi wengine. Majina ni ya wakuu wa Kimaasai, na aliyeyaweka ni Mwingereza Halford Mackinder ambaye alifika Batian 1899 pamoja na wazungu wawili wa milima ya Alps, Ollier na Brocherel. Na mizigo yake ilibebwa na nani? Katika wapagazi wake walikuwamo Waswahili waliotoka huku pwani, na baridi ile, na majina yao hakuna anayeyakumbuka. Kwahivo mtu akiniambia watu wa pwani na mlima wapi na wapi mimi huwa namcheka tu.

Tulienda na somo yangu, basi la usiku mpaka Nairobi, matatu mpaka Naro Moru, hapo tukakutana na mwongozaji tuliyepewa namba yake na mtu, mzee wa makamo, mpole, anavuta maneno kama analipia. Njia ya Naro Moru mimi siwasifii sana, sehemu ya kwanza ni msitu mzuri na nyani, unalala kambi ya Met Station mita 3,050, halafu kesho yake unapanda bwawa la matope lililosimama wima, sijui niwaelezeje, ni kinamasi lakini kimeinuka, unakanyaga nyasi mguu unaingia mpaka kwenye goti na juu bado uko mwinuko. Ukitoka hapo unaingia bonde la Teleki na kila kitu kinageuka, yale majani makubwa ya lobelia na senesio yanakupita urefu, na mbele kabisa unaona vilele vimesimama vyeusi.

Kitu kimoja wa pwani wenzangu lazima tukijue. Mtu wa Nairobi analala mita 1,700 kila siku, damu yake ishazoea kidogo. Sisi tunatoka sifuri, mawimbi yanatulowesha nyayo. Kule karibu na mita 5,000 hewa imepungua, oksijeni unayoivuta kwa pumzi moja ni kama nusu na kidogo ya ile unayoivuta pale ufukweni Silversands. Ukipanda kwa pupa kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, usingizi unaruka, na ukilazimisha inaweza kukuua, mapafu yakajaa maji au ubongo ukavimba. Somo yangu kambini Mackinder's, mita 4,200 hivi, alianza kushika paji la uso na chakula hakitaki. Mzee akamwangalia akasema, "Kesho hatuendi juu. Kesho tunakaa." Tukakaa. Siku nzima tukaangalia pimbi wakipanda majabali, na mtu asikudanganye, hakuna mwalimu kama yule mnyama, anasimama kwanza, anatazama, halafu anaruka kitu kidogo sana, haruki mbali hata akiweza.

Jioni yake somo alikunywa uji akamaliza kikombe, mzee akaridhika.

Sasa kuna desturi ya kule, watu wanaamka saa nane saa tisa usiku wapande wafike Lenana jua likichomoza, kwa ajili ya picha. Maana yake ule mgongo wa mwisho wanaupita gizani, na taa ya kichwa inakuonyesha duara dogo tu mbele ya pua. Mimi nilimwambia mzee jua la kuchomoza nimeliona sana Malindi, linatoka baharini kila siku bure, mimi nataka kuona nakanyaga wapi. Akacheka kidogo, nafikiri ndio mara pekee. Tukapanga tuupande ule mteremko wa kokoto usiku mpaka kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, tungoje pale pakuche, halafu mgongo tuupande kukiwa na nuru. Lakini pia akasema tusichelewe, na sababu yake nitaieleza.

Alfajiri tuliswali pale kibandani. Maji ya chupa yameganda juu, tukatayamamu kwa jiwe, na kibla ukiwa kule ni kaskazini, na Lenana nayo iko upande huohuo, basi tukaswali tumeuelekea ule ule mgongo unaotusubiri. Somo akaniambia ameomba dua ndefu kuliko siku ya harusi yake.

Mwanzo ni njia tu ya kawaida, kokoto na theluji ya kusinyaa, mara mawe yanakuwa makubwa, mikono inaanza kutoka mfukoni yenyewe, na kabla hujajua uko juu. Kushoto chini ndio barafu ya Lewis, au niseme kilichobaki, manake imekuwa ikipimwa tangu miaka ya 1930 na kila wakipima wanakuta imenywea. Kulia pameshuka tu, ukungu umejaa. Kuna pahali wamefunga kamba za chuma na vidato vya chuma kwenye mwamba ushike, sio mwanzo mpaka mwisho, pale pagumu tu.

Pale nilipopigwa picha ndio pembamba kushinda kote, jabali moja refu, juu yake hapazidi upana wa mkeka wa kuswalia, na mimi nilikaa mguu huku mguu huku. Na nawaambia kweli, pale sikuogopa. Nililipiga jiwe kwa kiganja nikasikia halina sauti, limekaa kimya, ni mwamba mmoja mzima kutoka ndani ya mlima, la kukwaruza, linang'ang'ania glavu. Huu mlima ni volkano ya zamani iliyozimika, na mawe yake yaliwahi kuwa moto unaotiririka yakapoa yakawa magumu. Pembamba ndio, lakini halina pa kwenda.

Nilipoogopa ni mbele yake, pahali papana kabisa, mnaweza kutembea watatu bega kwa bega. Pale ndipo mzee aliposimama akatugeukia. "Hapa ndio mimi sipendi," akasema. Mbona pazuri, nikamwambia. Akachukua jiwe moja la kujaa mikono miwili, akalitikisa, halikutoka, akalipiga teke la pembeni, likang'oka na chini yake kukaonekana barafu nyembamba imeng'aa kama gundi. Ndio siri yenyewe. Mchana jua linayeyusha, maji yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka, yanapasua jiwe. Kila siku kila usiku miaka na miaka. Kwahivo pale pote ni vipande vilivyopasuka vimelala juu ya mwenzake na kilichovishika asubuhi ile ni barafu tu. Saa nne saa tano jua likishapiga, gundi imeyeyuka. Ndio maana alisema tusichelewe.

Tulipita mmoja mmoja, huyu akisimama pembeni yule anapita, na hakuna kukaa chini ya mwenzio. Somo alikanyaga kipande kikazunguka kikaanza kuteremka, mzee akapiga ukelele "JIWE!" mlima mzima ukajibu, na hapakuwa na mtu chini alhamdulillahi ila ule mlio wa jiwe kugonga jiwe kugonga jiwe mpaka usisikike tena, huo mlio umenikaa masikioni.

Sasa namna ya kukwea. Watu wananiuliza umejifunza wapi, nimejifunza siku ileile lakini nilishaona zamani, Ganda, kwa mzee mgema jirani ya shamba letu. Yule mzee mnazi wake una vidato na ameupanda tangu ujana lakini kila siku kidato anakijaribu kwa kidole gumba cha mguu kabla hajakipa uzito, na katika mikono miwili na miguu miwili anaondoa kimoja tu kwa wakati mmoja, vitatu vimebaki vimeshika. Mlimani ni hivohivo tu. Mkono wa kulia unatafuta, vyote vingine vimetulia. Umepata jiwe, ligonge kwa ngumi. Likitoa sauti ya utupu, liache, tafuta lingine. Mzee wetu yeye alisema kwa Kiswahili chake cha bara, "Hii jiwe uliza kwanza. Ikijibu vibaya wacha hiyo." Na ukishika livute kwa kulielekeza chini, usilivute kuja kwako, manake jiwe linalovutwa nje hung'oka, linalokandamizwa chini mara nyingi hukaa.

Kingine, miguu ndio inayopanda. Wageni wote tunajivuta kwa mikono, baada ya dakika chache mikono inatetemeka na pumzi hakuna, halafu tunaanza kutumia magoti, goti likishawekwa juu ya jiwe huwezi kusimama tena, umekwama kwenye sijda. Weka ncha ya kiatu, simama, basi. Fimbo za kutembelea zifunge kwenye begi kabla hujafika mgongoni, mimi nilimwona mtu wa kundi lingine anapanda na fimbo mbili zinaning'inia kwenye vifundo vya mikono, zinaingia kwenye nyufa, zinamvuta, nikawa sitaki kumtazama. Na upepo ukija inama, shika, ngoja upite, upepo wa kule unakuja kwa mikupuo sio kama kaskazi yetu inayovuma siku nzima. Kina dada wenzangu wa hijabu, vaeni ile ya kuvuta kichwani isiyokuwa na ncha za kupepea, chini ya helmeti inakaa vizuri na inatia joto, nilionea huruma masikio ya wanaume.

Juu kileleni sina mengi. Ni mawe, kibao, watu wanasubiriana kupiga picha. Batian na Nelion zimesimama pale mbele mpaka unanyamaza. Hapo ndipo Kisoi Munyao aliposimamisha bendera ya Kenya Desemba 1963, usiku wa uhuru, hilo nililiwaza sana nikiwa nimekunja mikono kwapani, manake yeye alikwenda usiku na mzigo wa bendera na mimi hapa nalalamika vidole.

Na bendera nyingine iliwahi kufika pale, hii wa Malindi mtaipenda. Kuna babu mmoja wa Kiitaliano hapa mjini, ana miaka hapa kuliko mimi duniani, nilipomwonyesha picha akapiga meza. Akanisimulia habari ya mateka wa vita wa Kiitaliano waliofungwa na Waingereza kambi ya Nanyuki, mwaka 1943, wanauona mlima kila siku kupitia waya. Watatu wakatoroka, si kwa kukimbia vita, la, kwenda kupanda mlima tu. Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Vyuma vya kukanyagia barafu wakajitengenezea kwa mabati ya kuokota, ramani hawana, picha ya mlima wanayoitegemea ni ile iliyochorwa kwenye kopo la nyama. Barsotti akashindwa kwa ugonjwa akabaki chini, wale wawili wakajaribu mgongo wa kaskazini magharibi wa Batian, theluji ikawarudisha, basi wakapanda Lenana wakasimika bendera yao. Halafu wakarudi kambini wenyewe! Wakahukumiwa siku 28 za chumba cha peke yao, wakakaa 7 tu kwa sababu mkuu wa kambi alipendezwa na ule ushujaa. Kwa maoni yangu walichokifanya cha akili kushinda vyote ni kule kurudi nyuma Batian, na njaa yote ile na kiu yote ile ya kilele.

Kushuka ndio kazi. Kupanda macho yanatangulia mikono, kushuka miguu inatangulia na macho yako mbali nayo. Pale pa kuteremka sana geuka uangalie mwamba, shuka kinyumenyume, tafuta kwa mguu, usione haya. Wanaoshuka wakiangalia nje ndio wanaomaliza makalio ya suruali, na somo yangu ana suruali moja sasa hivi anasema ataigeuza tambara la jikoni. Tulipofika lile pana la vipande jua lilikuwa limeshaanza kukaza, na kweli mawe yaliyokuwa kimya asubuhi yalikuwa yanasaga meno. Mzee hakusema kitu, aliongeza tu nafasi kati yetu.

Basi kwa mnaouliza. Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Agosti na Septemba, mvua imepungua. KWS, shirika la wanyamapori, getini mnalipa kwa simu, mtoto wa Kenya na kitambulisho chako ni nafuu sana kuliko mgeni. Usiende bila mwongozaji, na siku ya kupumzika juu usiikate ili kuokoa pesa, kata kitu kingine, kata hata soda. Mazoezi ya miguu fanyeni kwenye yale matuta ya mchanga ya Mambrui, pandeni shukeni mpaka mkome, mapafu mtaenda kuyafanyia kazi hukohuko. Helmeti zinakodishwa, mwambie mwongozaji mapema. Mimi glavu nilizotumia ni za waendesha bodaboda, za ngozi, nilinunua hapa sokoni, zikashika jiwe vizuri lakini kwa baridi hazifai kitu, chini yake vaeni nyingine za sufu na hakikisheni mnaweza kufunga kamba za viatu mkiwa mmezivaa zote mbili.